Swichi Ikizimika, Nani Hulaumiwa?

Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, yapata saa nne za asubuhi, mtambo mmoja mdogo ulizimika katika chumba cha nyuma cha ofisi moja hapa Kabeza, Kigali. Haukulipuka wala haukutoa moshi. Taa zake za kijani zilififia, zikazimika, basi. Lakini mbali na hapo, kwenye vilima vya chai, akina mama waliopanga foleni mbele ya dirisha la kulipia waliambiwa wasubiri. Wakasubiri mpaka saa tisa. Halafu wakaambiwa warudi Jumatatu. Wengi wao walikuwa wameahidi kulipa madeni ya dukani jioni ile ile, na mmoja alikuwa na mtoto aliyerudishwa kutoka shule kwa ajili ya ada.

Ofisi ninayoizungumzia ni ya chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi. Sitakitaja kwa jina, maana shauri lake halijafungwa. Wanachama wake ni wachumaji wa chai pamoja na watu wa viwandani. Hesabu zao zote, yaani hisa, akiba, mikopo na mishahara inayopitia humo, zimo katika seva nane zilizopangwa ndani ya makabati mawili ya chuma. Seva hizo zote zilikuwa zimeunganishwa na mtambo mmoja tu. Mtambo huo unaitwa swichi.

Niliingia katika habari hii kwa mlango wa chama cha wafanyakazi, si kwa mlango wa ufundi. Elimu yangu ni ya shule ya msingi, na kompyuta nimeijua ukubwani. Jumatatu ile nililetewa shauri la dada mmoja, fundi wa zamu ya usiku katika chumba hicho, aliyepewa barua ya onyo la mwisho kwa kosa la uzembe uliosababisha hasara. Zamu yake ilikuwa imekwisha saa moja ya asubuhi, saa tatu nzima kabla ya mtambo kuzimika, lakini hilo halikumsaidia. Msimamizi alisema mtambo ulikuwa chini ya mkono wake.

Nilimwomba daftari la zamu. Mara tatu ndani ya wiki sita dada huyu alikuwa ameandika kwamba feni moja ya swichi inakwaruza na joto la mtambo linapanda. Mara tatu, pembeni, pana saini ya msimamizi. Hakuna aliyenunua feni. Tena haikuwezekana kununua, kwa sababu mtambo wenyewe ulikuwa wa bei poa, wa zamani, na mtengenezaji alikwisha kuacha kuutolea spea. Basi nani aliyezembea? Yule aliyeandika, au yule aliyechagua?

MTAMBO WENYEWE

Wazee waliofanya kazi katika ofisi za mashamba makubwa watakumbuka swichibodi ya simu. Mama mmoja alikaa mbele ya ubao wenye matundu, akiuliza unamtaka nani, kisha akachomeka waya katika tundu la mtu huyo. Swichi ya kompyuta hufanya kazi ile ile bila mama huyo. Ina matundu 24 au 48. Hukariri ni mashine gani iko kwenye tundu lipi, na kifurushi cha habari kikifika husoma anwani yake na kukipeleka kwenye tundu moja tu linalohusika. Hufanya hivyo mara nyingi mno kwa sekunde moja, usiku na mchana.

Aliyeanza kumwondoa mama wa swichibodi alikuwa Almon Strowger, mzishi wa mji wa Kansas City, Marekani, aliyepata hataza ya mtambo wake mwaka 1891. Inasemekana aliubuni kwa hasira, akiamini kwamba mwendesha simu wa mji alikuwa mke wa mshindani wake na akimpelekea mumewe wateja wote. Kwa hiyo tangu mwanzo swichi ilitokana na swali la nani anashika njia na kwa faida ya nani. Waendesha simu wengi walipoteza kazi katika miaka iliyofuata, lakini hayo ni makala nyingine.

Jambo moja la ufundi msomaji alishike, maana wauzaji hulificha. Njia ya kuunganisha kompyuta inayotumiwa na karibu swichi zote hizi ilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na mwenzake David Boggs katika maabara ya Xerox huko California, na kanuni zake baadaye zikawekwa wazi kwa watengenezaji wote. Ndiyo sababu swichi ya Cisco ya Marekani inaweza kuunganishwa na ya Huawei ya Uchina au na ya MikroTik ya Latvia, na habari zikapita. Muuzaji anayekuambia kwamba ukianza na kampuni yake lazima umalize nayo, mwulize ni kanuni ipi inayokulazimisha.

KAMATI YA WATU WATANO

Tulikaa na uongozi mara mbili. Kikao cha pili kikakubali mambo mawili: onyo lipitiwe upya, na kabla ya kununua swichi nyingine iundwe kamati ambayo fundi wa zamu atakuwa mjumbe kamili, si wa kuitwa kujibu maswali na kutolewa nje. Mwenyekiti hakulipenda jambo hilo. Alisema ununuzi ni kazi ya wakubwa. Nilimjibu kwa adabu kwamba lawama ilipokuja haikwenda kwa wakubwa. Tukawa watano: mwenyekiti, mweka hazina, mhasibu, fundi na mimi.

Zabuni zilikuwa tatu. Ya kwanza ilitoka kwa wakala wa kampuni yenye jina kubwa duniani: swichi mbili mpya, leseni ya kulipwa kila mwaka, na mkataba wa matengenezo ambao mhandisi wake yuko Nairobi. Ya pili ilikuwa ya kampuni isiyo na jina kubwa hivyo, swichi mbili mpya, hakuna leseni ya mwaka, wakala ana duka hapa Kigali. Ya tatu ilikuwa ya mitambo iliyotumika Ulaya, ikasafishwa na kuuzwa tena, yenye kasi kuliko zote na bei ndogo kuliko zote. Zabuni ya kwanza ilikuwa karibu mara tatu ya bei ya pili.

Msidhani kwamba mfanyakazi alikuwa sahihi tangu dakika ya kwanza. Dada yetu aliipenda zabuni ya tatu. Alisema mitambo ile ndiyo iliyokuwa katika vitabu alivyosoma, na alitamani kuishika. Namwelewa, fundi hupenda mashine nzuri kama dereva apendavyo gari. Tulianza hapo.

Wauzaji wote watatu walisifu kasi. Nikamwomba fundi anieleze kasi kana kwamba nimesimama kwenye banda la kupimia majani, naye akanieleza vizuri hivi kwamba nitayarudia maneno yake. Chukua swichi yenye matundu 48, kila tundu likipitisha gigabiti 10 kwa sekunde. Hao ni wachumaji 48 wanaoshuka kutoka shambani na mizigo yao. Jumla ni 480. Lakini milango ya kutokea nje ya swichi ile ni minne tu, kila mmoja gigabiti 40. Hiyo ndiyo mizani, na jumla yake ni 160. Wachumaji wakija mmoja mmoja hakuna shida. Wakija wote kwa pamoja, watatu wanagombea nafasi ya mmoja. Kinachoamua hapo ni ukubwa wa sakafu ya banda, mahali pa kuweka mizigo inayosubiri zamu yake. Swichi nayo ina sakafu hiyo ndani yake, yaani kumbukumbu ya kusubirishia vifurushi. Ikijaa, vifurushi vinavyofuata hutupwa, na kompyuta iliyovituma hulazimika kuvituma upya. Muuzaji hukutajia idadi ya wachumaji. Wewe mwulize idadi ya mizani na upana wa sakafu.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna muuzaji aliyelifanya. Chumba kilikuwa kinaendeshwa kwa swichi ya kuazima, naye akapima kwa wiki nne ni habari kiasi gani zinapita, pamoja na siku ya mshahara. Siku ile yenye shughuli kuliko zote haikufika hata gigabiti 2 kwa sekunde. Seva zetu ni nane. Zabuni ya pili, yenye matundu 24 ya gigabiti 10 na milango miwili ya 40, ilitutosha na kubaki. Kasi ya zabuni ya tatu ilikuwa lori la tani 10 la kubebea kikapu kimoja.

Umeme nao ukaja. Karatasi za mitambo ya zabuni ya tatu zilionyesha kila mmoja unakula wati 300, na ya zabuni ya pili wati 100. Mhasibu akachukua kalamu. Mwaka una saa 8,760, na mtambo huu haulali. Tofauti ya wati 200 ni uniti 1,752 za umeme kwa mwaka kwa kila mtambo, bado hujahesabu kiyoyozi kinachotoa joto lake. Zaidi ya hayo feni zake zilivuta hewa kutoka upande usiofaa. Swichi nyingine hupuliza kutoka mbele kwenda nyuma, nyingine kinyume chake. Ukikosea, mtambo unavuta hewa moto iliyotoka kwa seva na kujipika wenyewe. Dada yetu aliliona hilo kwa mshale mdogo uliochorwa kwenye picha. Akaiondoa zabuni ile kwa mdomo wake mwenyewe, kwa huzuni kidogo.

SPEA IKO WAPI?

Zikabaki mbili, na hapo ndipo ubishi ulipokuwa mkali. Mwenyekiti alitaka jina kubwa. Alisema mtu hafukuzwi kazi kwa kununua kitu kinachojulikana. Nikamwambia: Mzee, ni kweli, anayefukuzwa ni wa zamu ya usiku.

Sikatai kwamba zabuni ya kwanza ilikuwa nzuri. Kampuni ya simu au benki yenye matawi mengi ingekuwa na sababu ya kuichagua. Lakini tuliusoma mkataba mstari kwa mstari. Ahadi ya saa nne ilikuwa ya kujibu simu, si ya kuleta mtambo. Mtambo wenyewe ungetoka ghala la Nairobi. Sisi watu wa Rwanda tunajua maana ya mipaka. Mpaka wa Gatuna kati yetu na Uganda ulifungwa Februari 2019, na haukufunguliwa tena mpaka tarehe 31 Januari 2022. Muda huo mizigo ya barabara ya Nairobi na Kampala ilitafuta njia nyingine. Katikati ya hayo ukaja ugonjwa wa Covid mwaka 2020, halafu uhaba wa vipande vya elektroniki duniani mwaka 2021 na 2022, ambapo swichi mpya ziliagizwa na kusubiriwa kwa miezi mingi hata na makampuni tajiri. Mkataba ulio bora kabisa hauvushi sanduku kwenye mpaka uliofungwa.

Tena pana leseni. Katika mitambo mingine, usipolipa leseni ya mwaka hupati tena masahihisho ya programu, na baadhi ya kazi za swichi zinaweza kufungwa. Yaani umenunua jembe, lakini mpini unaukodi. Pana na ujanja wa vipachiko vya nyaya za fiba: swichi za makampuni fulani hukataa kipachiko cha kampuni nyingine hata kama kinaingia sawasawa, na chao wanakiuza ghali. Nilipouliza kwa nini, wakala aliniambia ni kwa ajili ya usalama. Fundi akatabasamu, akanyamaza.

Mweka hazina alileta hofu ya aina nyingine. Alikuwa amesikia kwamba swichi za Wachina hupeleleza. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliandika kwamba habari kutoka kompyuta za makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, jengo lililojengwa na Uchina, zilikuwa zikinakiliwa kila usiku kwenda Shanghai. Uchina ilikanusha. Uingereza nayo iliamua Julai 2020 kwamba mitambo ya Huawei iondolewe katika mtandao wake wa simu wa 5G ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Lakini nilimkumbusha na upande wa pili. Mwaka 2014, kutokana na nyaraka za Edward Snowden, ilichapishwa picha ya watu wa shirika la ujasusi la Marekani wakifungua sanduku la mtambo wa Cisco lililokuwa safarini kwa mnunuzi, na mkuu wa Cisco mwenyewe alimwandikia Rais Obama kulalamika. Kwa hiyo ukimbie wapi? Fahali hawa wawili wanapigana, na sisi hatuwezi kununua swichi isiyotengenezwa na mtu.

Fundi alileta jibu la kazi badala ya jibu la siasa. Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza. Mlango ambao mwuzaji hutumia kuingia katika mtambo akiwa mbali ufungwe, na ufunguliwe tu pale fundi wetu anapokuwa amekaa mbele yake akitazama. Funguo ziandikwe, zitiwe katika bahasha, bahasha iwekwe kwenye sefu ya mweka hazina. Mkataba wa zabuni ya kwanza haukuturuhusu kufunga mlango huo. Wa pili uliruhusu.

Hapo mhasibu akatoa wazo la nne: kwa nini tuwe na swichi kabisa? Tuhamishie hesabu zetu kwa kampuni ya nje, tulipe kwa mwezi, tulale usingizi. Wazo hilo linavutia, na wengi wataletewa katika vyama vyao, kwa hiyo nalijibu kwa urefu kidogo.

Kwanza, sheria ya Rwanda ya kulinda habari binafsi, ya Oktoba 2021, inataka habari za watu zihifadhiwe ndani ya nchi ila kwa kibali. Kabla ya hapo, mwaka 2017, mamlaka ya udhibiti ya RURA iliitoza kampuni ya simu ya MTN Rwanda faini ya zaidi ya faranga bilioni 7 kwa sababu ya kuendeshea huduma zake za kompyuta nje ya nchi. Pili, hata ukihamisha seva, ofisi yako bado inahitaji swichi ya kufikia huko, na kama ni moja, ikizimika umekwama vile vile.

Tatu, ziko habari za Kenya. Mpaka mwaka 2000 barua ya kompyuta kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda kampuni nyingine ya Nairobi iliweza kupanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, na kurudi. Makampuni ya intaneti yakakubaliana kukutana katika chumba kimoja mjini humo ili habari za nyumbani zibaki nyumbani. Chumba hicho kiliitwa KIXP, na moyo wake ulikuwa swichi. Kilianza Novemba 2000. Desemba mdhibiti akakifunga, baada ya Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha intaneti ya kimataifa, kulalamika. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Zaidi ya mwaka mmoja wa mvutano kwa ajili ya chumba chenye swichi! Kigali ilipata chumba chake cha namna hiyo mwaka 2004. Mhasibu alisikiliza, akasema hakujua, na wazo likawekwa kando.

TULIVYOAMUA

Kura zilikuwa nne kwa moja. Tulichukua zabuni ya pili, lakini si kama ilivyoletwa. Tulinunua swichi tatu za aina moja badala ya mbili, na bei ya zote tatu ikawa kama nusu ya zabuni ya kwanza. Mbili zinafanya kazi, na kila seva ina nyaya mbili, mmoja kwa kila swichi, ili moja ikifa nyingine ibebe mzigo. Kila swichi ina njia yake ya umeme, moja kutoka betri hizi na nyingine kutoka betri zile. Ya tatu iko juu ya rafu, ndani ya sanduku lake, hapa hapa Kabeza. Pesa zilizobaki, sehemu yake imelipia mafunzo ya mafundi wanne wa zamu zote, si wa mchana peke yao. Kipengele hicho tulikipigania kuliko vingine, kwa maana katika zabuni zote tatu mafunzo yalikuwa ya mtu mmoja.

Fundi aliweka sharti moja kabla ya malipo ya mwisho: swichi mojawapo ing'olewe umeme kazi ikiendelea. Wakala alisema haina haja. Akasema ina haja. Jumamosi moja, saa tano asubuhi, dirisha la shambani likiwa wazi na foleni ipo, aliuvuta waya wa umeme mbele yetu sote. Taa zikazimika kama zilivyozimika Ijumaa ile. Mwenyekiti alikuwa ameshika simu, akimpigia karani wa dirishani kumwuliza hali.

Karani alijibu kwamba anaendelea kulipa, akauliza: kwani mtazima saa ngapi? Ilikuwa dakika ya sita tangu waya ung'olewe.

Dada yetu aliandika saa na dakika katika daftari la zamu. Barua ya onyo bado imo katika faili lake. Kikao cha kuipitia kimeahirishwa mara moja, na uongozi umetuahidi tarehe nyingine mwezi ujao. Wakiahirisha tena tutakwenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya, na nakala ya kurasa zile tatu zenye saini ya msimamizi ninayo mkobani.